Mikeka ya Mwalimu Abeid

Ukitaka kujua mjomba wangu Abeid alikuwa mtu wa namna gani, anza na sufuria ya Mwinshehe. Ilikuwa siku ya maulidi, wakati tulipokuwa bado tunakaa mashambani upande wa Chole, huku Kisarawe. Mbwa wa msasi mmoja alipita jikoni, akaingiza ulimi kwenye sufuria ya pilau, akalamba, akaenda zake. Mwinshehe alikuwa mwanafunzi mkubwa wa mjomba, kijana wa kutegemewa, na sufuria ilikuwa ya mama yake. Yeye alitaka kumwaga wali, apitishe maji, mambo yaishe. Mjomba akavuta kigoda, akakaa kitako, akamwambia aioshe mara saba, mojawapo kwa udongo, kama kitabu kinavyosema. Mwinshehe akaosha. Alipofika mara ya tano akapiga chafya, na mjomba akasema hesabu imeingia shaka, anza upya.

Huyo ndiye Mwalimu Abeid. Alifundisha watoto Kurani na ndiye aliyekuwa akituswalisha. Najisi alikuwa anaiona hata mahali ambapo yenyewe haijafika. Wanawake wakimwona anakuja walitazama kwanza pindo za kanga zao, ndipo wakampa shikamoo. Mimi, Biasha, ni mtoto wa dada yake. Nilirudi kwake baada ya mume wangu kuniacha, nina sanduku moja na hasira za kutosha watu watatu. Mkewe alikwisha kutangulia mbele ya haki, kwa hiyo tulikuwa wawili ndani ya nyumba, yeye na usafi wake, mimi na ndoo.

Na mtu kama huyo alikuwa na mbwa.

Msikimbilie kumcheka. Kule Chole kulima muhogo bila mbwa ni kuwalimia nguruwe wa porini. Mjomba alikuwa analala juu ya dungu, kile kitanda kirefu cha miti cha kulindia shamba, akipiga debe mpaka mikono inakufa ganzi, na nguruwe wanakula huku wanamsikiliza. Mwaka ule wa Uhuru, msasi mmoja akiitwa Pazi akampa kijibwa. Pazi alikuwa amegombana na wakwe zake, na mbwa wake wote aliwapa majina ya kuwasema: Mtachoka, Semeni, Tuone. Akisimama uani kuita mbwa, mama mkwe anapata ujumbe wake bila kutajwa. Mjomba akapewa Tuone. Alifungua kwanza kitabu, akahakikisha kwamba mbwa wa kulinda shamba anaruhusiwa, ndipo akampokea, tena kwa mbali. Mpaka ukawekwa kwenye mkorosho mkubwa, na Tuone asiuvuke kuja nyumbani. Chakula chake kilitupwa kwenye kigae. Miaka yote ile sikuwahi kumsikia mjomba akimwita kwa jina. Alikuwa anasema "yule wa shamba".

Basi yule wa shamba akafanya kazi. Nguruwe walihama. Tulikula muhogo, tukauza korosho, mjomba akaswalisha watu akiwa ameshiba. Najisi moja ilitulinda na nyingine, na juu ya jambo hilo sikuwahi kusikia hotuba.

Ikaja ile operesheni ya kuhamia vijijini. Lori lilikuja, likachukua milango yetu, miti ya paa, mitungi na vitabu vya mjomba, likatushusha upande wa Masaki kwenye kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari. Ukikohoa kwako, jirani anakwambia pole akiwa kwake. Mbwa hakuna aliyemkumbuka. Kesho yake akafika kwa miguu, nyayo zinavuja damu, akasimama mbele ya mlango akisubiri kuambiwa mpaka uko wapi. Mjomba alimtazama, akaniambia, "Mwambie akae kule." Lakini kijiji kipya hakikuwa na kule. Kule kulikuwa ni jikoni kwa jirani yetu Biubwa.

Tukaishi hivyo kwa kubabaisha, Tuone akizidi kuzeeka, jicho moja limeingia ukungu, miguu ya nyuma mizito. Mwaka uliofuata mbwa mwenye kichaa akamng'ata mtu kijiji cha jirani, na mwenyekiti wetu wa kijiji, Adamu, akatangaza kwamba watakuja watu wenye bunduki, na mbwa yeyote atakayekutwa anazurura atapigwa risasi. Mwenye mbwa amfunge kamba. Tulimfunga. Tuone hakuwahi kufungwa tangu azaliwe. Alilia mchana kutwa, akatafuna kamba, akaikata, na kwa sababu haoni vizuri akaenda kuzurura palepale alipokatazwa. Siku ambayo milio ya bunduki ilisikika upande wa barabarani, mjomba alitoka, akamfunika gunia, akambeba kama anaingiza muhogo, akaingia naye kwa mlango wa uani.

"Ni kwa siku hizi za msako tu," akaniambia.

Nami kwa ujinga wangu nikaamini.

Mvua zikaanza, Tuone akikaa nje anatetemeka, akitembea hajui arudi wapi. Akabaki chumbani kwa mjomba. Na hakuna mtu aliyetakiwa kujua; kijiji kilidhani amekwisha kupigwa risasi. Mwelewe mjomba hapo. Mke hana, watoto walikufa wadogo, shamba la Chole limerudi kuwa pori. Alichobakiwa nacho duniani ni ile nafasi ya mbele msikitini, pale anaposimama na watu wako nyuma yake. Wangesikia kwamba aliyemsugulisha Mwinshehe sufuria analala chumba kimoja na mbwa, nafasi ile angesimama vipi tena? Kanzu yake ya swala akaitundika juu kabisa karibu na dari, akawa anaswalia sebuleni, na mlango wa chumba ukawa umefungwa wakati wote.

Asubuhi ya kwanza nilikanyaga majimaji nikadhani mtungi umevuja. Mtungi ulikuwa mzima. Tuone alijikunja pembeni, uso ameuelekeza ukutani, hataki kunitazama. Mjomba akaja na bakora yake ya chuoni. Akaiinua, akamtazama, akaishusha.

"Biasha, huyu amezeeka," akasema. "Hajui afanyalo."

Kwa mtoto aliyekosea aya hakuwahi kusema hajui afanyalo. Mimi nikaenda kisimani.

Kisima kiko bondeni, na mara saba ni mara saba. Mjomba alinifafanulia kwamba sakafu yetu kwa kuwa ni ya udongo haihitaji kuongezewa udongo, maji matupu yanatosha. Alilisema kwa ukarimu, kama mtu anayenipa kanga mpya. Tulimnyima Tuone maji ya jioni, akaenda kunywa kwenye ndoo ya udhu, na ndoo nayo ikaingia kwenye mara saba. Tukamrudishia maji yake. Tukamtandikia pumba za mpunga kwenye kona, akazilalia vizuri kisha akakojoa pembeni yake. Mjomba akaanza kumtoa nyuma ya choo kila baada ya swala. Akimaliza kuswalisha anaondoka msikitini mbio, watu wanadhani ana njaa. Hilo lilisaidia kweli, mchana kukawa kukavu. Kisha nikagundua kwamba pale pembeni anaparudia kwa sababu harufu imebaki, maana maji peke yake hayatoi harufu hata ukiyahesabu. Nikaichimbua ile sehemu ya sakafu, nikatupa udongo wote, nikakandika upya kwa udongo mwekundu na majivu. Pakapona. Nikajisifu.

Akahamia kwenye mkeka wa mjomba. Usiku yule mbwa alikuwa anatafuta joto, anapapasa na pua yake mpaka anamfikia mjomba mgongoni, na alfajiri mkeka umelowa. Nilimwuliza mjomba kwa nini asimfukuze. Akasema amelala, hakumsikia. Mtu ambaye miaka yote huamka kabla ya jogoo.

Mikeka nilikuwa naifulia ndani ya ua wa choo, ili ule udongo wa kuoshea asiuone mtu, maana akiuona udongo tu amekwisha jua ni mbwa. Lakini kuanika utaanikia wapi? Jua liko nje. Kila asubuhi mikeka inaning'inia kwenye kamba, na Biubwa alikuwa mtu wa kuitazama kamba yako kabla hajakutazama wewe. Siku moja akaja na kisingizio cha kuomba moto, akakaa barazani.

"Biasha, mikeka kila siku," akasema. "Kuna mgonjwa humu?"

Mjomba akakohoa kutoka chumbani.

"Ni mimi, Biubwa," akasema. "Uzee. Mkojo haunisubiri."

Biubwa alijifunika mdomo kwa ncha ya kanga. "Pole, Mwalimu," akasema kwa sauti ndogo. "Ni mambo ya kawaida." Akaondoka bila moto wake.

Niliingia chumbani nikiwa nachemka. Nikamwuliza mjomba amesema nini.

"Nimesema jambo ambalo hakuna atakayekuja kulichungulia," akanijibu.

Na alikuwa amepiga hesabu vizuri. Kwetu mzee akifikwa na aibu ya mwili, watu huifunika. Ndiyo sitara, na sisi watu wa huku kwa sitara hatujambo. Hawaulizi, hawaingii chumbani, wanapita na macho yao chini. Alichokisahau mjomba ni kwamba watu wakishakufunika hawaachi hapo, huanza kukusaidia.

Ikaja mizizi. Kila nyumba ilikuwa na mzizi wake, huu wa kuchemsha, huu wa kutafuna, huu wa kunywa na uji. Biubwa alileta chungu kizima akasimama mlangoni kuhakikisha Mwalimu amekunywa. Mjomba alikunywa, angefanyaje? Dawa zile zilikuwa na nguvu za ajabu. Mtu aliyekuwa hana ugonjwa akaanza kukimbilia chooni mchana kutwa, akipita mbele ya watu ameshika kanzu yake, na kila aliyemwona alitikisa kichwa kwa huruma. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Tuone, mwenye mkojo wake, alikuwa amelala kwa raha, huku bwana wake anaharibika.

Halafu nikaacha kucheka. Maana sitara ilimfuata mpaka msikitini. Siku moja Mwinshehe, ambaye sasa alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, alimwambia kwa adabu zote, "Mwalimu, leo pumzika, nitaswalisha mimi." Siku nyingine tena. Kisha ikawa hakuna haja ya kusema. Wakamtengea mahali safu ya nyuma, karibu na mlango, ili akibanwa asipate taabu ya kupita katikati ya watu. Hakuna aliyemvunjia heshima. Walimtoa mbele kwa upole mtupu, na mtu anayekutoa kwa upole utagombana naye vipi?

Jioni moja alirudi akakaa barazani na kofia yake mkononi. Nikamwambia, mjomba, sema kweli, ile nafasi uliificha nyumba nzima kwa ajili yake, sasa imekwenda, unaficha nini tena?

"Adamu ametangaza wale wenye bunduki watarudi," akasema. "Nikisema yuko ndani, watakuja kumtazama. Haoni, hatembei, anakojoa ovyo. Nani atamwachia mbwa wa namna hiyo? Tuone hana siku nyingi. Mwache amalizie."

Ndiyo mara ya kwanza kumsikia anamtaja. Moyo ukanilainika, na sikufurahi kulainika, kwa sababu anayeteka maji ni mimi.

Wazee wakaona mizizi imeshindwa, wakaamua Mwalimu apelekwe hospitali. Kijiji kikatupa nafasi kwenye lori lililokuwa linakwenda Kibaha. Mwinshehe akasema hawezi kumwacha mwalimu wake asafiri na mwanamke peke yake, akapanda naye. Muuguzi aliyetupokea aliitwa Laurensia, mwanamke wa bara, mrefu, hana habari na sitara zetu. Mjomba akapimwa, tukakaa kwenye benchi. Laurensia akarudi akasema kwa sauti ya kusikika benchi zima kwamba mzee huyu hana ugonjwa wowote wa mkojo, mkojo wake mzuri kuliko wa vijana, na hiyo mizizi anayokunywa aiache.

Mwinshehe akashukuru. Nilimwona akifikiri. Tulipokuwa kwenye lori kurudi, vumbi linatupiga, alimtazama mjomba, akatazama chini, kisha polepole akanitazama mimi. Akageuza uso haraka, kwa adabu.

Mtume! Nilijua palepale.

Kama si mzee, na mikeka inalowa, na nyumba ina watu wawili, basi ni nani? Na ona sasa mambo yalivyokaa vizuri: ndiyo maana mumewe alimwacha. Ndiyo maana Mwalimu, mtu wa heshima, aliubeba uchafu wa mpwa wake akajipaka yeye. Kabla ya jua la kesho kutwa kijiji kizima kilikuwa kinanipita macho chini. Biubwa alileta tena chungu cha mizizi, safari hii akanikabidhi mimi, akanibana mkono bila kusema neno.

Ningevumilia hata hilo. Lakini wakati ule kulikuwa na fundi cherehani mmoja wa Mkuza, kule Kibaha, akiitwa Mashaka, ambaye alikuwa ameniona kwenye arusi na shangazi yake amekwisha kuja mara mbili kunizungumzia. Shangazi huyo, Bi Mwanahalima, akatuma salamu kwamba mambo yasubiri kidogo, fundi ana kazi nyingi. Mimi huyo! Niliingia chumbani, nikamkuta mjomba anamlisha Tuone uji kwa mkono wake, tone kwa tone, mkono uleule uliokuwa ukimtupia chakula kwenye kigae.

"Mjomba," nikamwambia, "mkojo wa mbwa wako nimeuosha sikusema. Kuuvaa siwezi."

Alimaliza kumlisha, akaosha mkono wake, na udongo akaupaka mwenyewe, nami nilisimama nikasikiliza maji yanavyomwagika mara zote saba.

Ijumaa ile, swala ilipokwisha, mjomba aliinuka kule nyuma karibu na mlango akawaomba watu wamsikilize. Wanawake tulikuwa nje ya ukuta, tulisikia vizuri. Akasema mpwa wake hana kosa wala ugonjwa. Akasema yeye naye hana. Akasema chumbani kwake kuna mbwa mzee, yuko humo tangu masika, na mikeka ni ya mbwa.

Kisha Mwinshehe akasimama.

"Ndugu zangu," akasema, "mmeona sitara? Mwalimu wetu yuko tayari kujitwisha mbwa, yeye huyu, ili amfunike mtoto wa dada yake."

Watu wakaguna kwa mapenzi. Wengine walifuta machozi. Mwalimu Abeid na mbwa chumbani! Mzee mmoja akakumbusha habari ya sufuria, na wote wakakubaliana kwamba hata uongo wake unatoka mahali pazuri. Mjomba alirudia maneno yake, akaapa. Wakazidi kumpenda. Miaka yote alisema najisi hapa, najisi pale, wakamwamini hata asipokuwa na hakika. Leo anasema kweli mchana kweupe na hakuna aliyemwamini.

Nilimwona anatoka. Alitoka bila viatu, akaenda nyumbani, watu wamesimama kwenye baraza ya msikiti wanamtazama. Akarudi. Safari hii alikuwa amefunga mkanda wake shingoni mwa Tuone, anamvuta taratibu katikati ya kijiji, jua la utosini, mbwa anajikwaa na yeye anamsubiri, mbwa anajikwaa na yeye anamsubiri. Nilisikia haya, na nilisikia uchungu, na sijui kipi kilitangulia. Kanzu ya Ijumaa ilikuwa inagusa manyoya na hakuipandisha.

Walipofika mbele ya msikiti, Tuone alisimama. Zile kelele za watu zilimchanganya. Alinusa huku na huku, akafika pale viatu vilipovuliwa, akachagua makubazi ya Mwinshehe, na bila hata kunyanyua mguu, maana nguvu ya kunyanyua hakuwa nayo tena, akakojoa. Ilichukua muda. Watu wazima wote wale walisubiri amalize.

"Mwinshehe," mjomba akasema, "makubazi yako mara saba. Moja kwa udongo."

Aliyeanza kucheka ni Adamu mwenyekiti, na baada ya hapo hakukuwa na wa kumzuia mwenzake. Adamu alipopata pumzi, mjomba akamwuliza wale wa bunduki watamfanya nini huyu mbwa. Adamu akamtazama kwa mshangao. Akasema, "Si ana mkanda, Mwalimu? Anayetakiwa ni wa kuzurura. Huyu atazurura aende wapi?" Kumbe. Masika nzima, mizizi yote ile, safu ya nyuma, mwendo wa Kibaha, na dawa yake ilikuwa mkanda wa kiunoni na maneno mawili.

Mwinshehe akaenda kuosha makubazi palepale kwenye pipa la udhu, mjomba akaletewa kigoda akakaa kuhesabu. Katikati Mwinshehe alipiga chafya. Mjomba akatazama pembeni, akajitia hakusikia. Na Ijumaa iliyofuata Mwinshehe huyohuyo alimshika mkono akamtoa safu ya nyuma, akampeleka mbele mahali pake.

Bi Mwanahalima alikuja mwenyewe kutoka Mkuza kusema kwamba kazi za fundi zimepungua. Nikampa chai, nikamwambia mwanamume anayerudi nyuma kwa ajili ya mkeka wa maji, siku nikiugua kweli ataniacha barabarani. Walisema nina kiburi. Ninacho. Sikwenda Mkuza, nikabaki pale kwa mjomba.

Tuone alikufa kiangazi, juu ya mkeka, umekauka. Mjomba alimpeleka Chole kwa mkokoteni, akamzika mwenyewe chini ya ule mkorosho mkubwa uliokuwa mpaka. Nilikwenda naye. Alimzika upande wa nyumbani.

Miaka ikapita. Mikeka yetu ikawa inaanikwa kama ya watu wote, siku za kufua. Mjomba akaendelea kuswalisha, sauti imepungua, magoti yanakataa kukunjika, kila anapotaka kuinuka kutoka kwenye sijida msikiti mzima unamngoja. Ilikuwa miaka ile ya foleni za sukari na sabuni, themanini na tatu au na nne, ndipo asubuhi moja nilipoingia chumbani nikamkuta amekaa kwenye ncha ya kitanda na mkeka amejaribu kuukunja, hakuweza. Ulikuwa umelowa. Uso ameuelekeza ukutani, hataki kunitazama.

Safari hii hakukuwa na mbwa ndani ya nyumba.

Nilitaka kulia, na mimi si mtu wa kulia, kwa hiyo nikakasirika. Niliuchukua ule mkeka. Sikwenda kwenye ua wa choo. Nilitoka nao mbele kabisa ya nyumba, mahali ambapo kila apitaye anaona, nikauweka juu ya jiwe, nikaleta maji, nikaleta na beseni la udongo. Nikaosha mara ya kwanza. Nikachota udongo kwa mikono miwili, nikaupaka mkeka wote, nikausugua.

Biubwa alipita na ndoo kichwani. Naye alikuwa amezeeka, lakini macho yake na kamba za watu hayakuzeeka. Alisimama. Akautazama mkeka, akautazama ule udongo, akautazama mlango wa mjomba uliofungwa.

"Mmefuga mbwa tena, Biasha?" akaniuliza.

"Tumefuga."

"Mkubwa?"

"Mzee," nikasema. "Hata kubweka habweki."

Biubwa hakuwa amemwona mbwa yeyote akiingia nyumba ile, na hakuna kitu kilichowahi kuingia nyumba ile asikione. Akatingisha kichwa. "Mbwa wazee wanataka joto," akasema, akaenda zake. Jioni aliniletea mifupa ameifunga kwenye jani la mgomba. Kesho yake Mwinshehe akapita kunishika mkono, akaniambia mbwa asisumbuliwe, na akasema Mwalimu akija msikitini aje wakati wowote, mahali pake ni palepale mbele.

Lakini hayo yalikuwa baadaye. Asubuhi ile ya kwanza nilikuwa bado nasugua, niko mara ya nne, niliposikia sauti ya mjomba kutoka dirishani, ndogo, ya mwalimu anayesahihisha.

"Biasha. Wa binadamu mara moja inatosha."

"Huu ni wa mbwa, mjomba," nikamwambia. "Wa mbwa ni mara saba. Umenifundisha mwenyewe."

Kisha nikamsikia, kwa sauti ya chini, ananihesabia.